Neno Moja Katika Mkataba: Habari za Waitalia na Wahabeshi

Wako watu wadhanio ya kuwa uadui huisha siku ile mkataba utiwapo sahihi. Lakini mtu akiingia barazani hali amdharau mwenziwe moyoni, dharau ile huingia hata katika maneno ya mapatano. Jambo hili twaliona wazi katika habari za Uhabeshi.

Mwaka 1887, pale Dogali, askari wa Ras Alula waliwashinda Waitalia. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik alipatana huko Wuchale na Pietro Antonelli, mjumbe wa Italia. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitalia. Katika sharti la 17 Kiamhari kilisema ya kuwa Mfalme *aweza* kuitumia Serikali ya Italia katika mashauri yake na mataifa mengine, yaani akipenda. Kiitalia kilisema ya kuwa *akubali* kufanya hivyo, nao Waitalia wakalishika neno hilo kuwa ni wajibu, wakatangaza ya kuwa Uhabeshi u chini ya ulinzi wao.

Menelik alipowaandikia wafalme wa Ulaya, Uingereza na Ujerumani zilimjibu ya kuwa imempasa kupitia kwa Italia. Kama lilikuwa kosa la kufasiri au hila, wataalamu wamebishana. Lakini angalieni: katika majibu hayo Kiitalia kilisadikiwa, na Kiamhari, lugha ya mwenye nchi, hakikuhesabiwa kuwa shahidi.

Mwaka 1893 Menelik aliukana mkataba. Vita vikaja, na tarehe 1 Machi 1896 Waitalia walishindwa vibaya huko Adwa. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Tarehe 26 Oktoba 1896 walipatana tena, Addis Ababa. Mkataba wa Wuchale ulifutwa, na Italia ikakiri ya kuwa Uhabeshi ni nchi huru kabisa. Safari hii uliandikwa kwa Kiamhari na Kifaransa.

Basi, mwalimu au kasisi aitwapo kusuluhisha watu wa lugha mbili, asitosheke na kuitikia kwao. Na amwambie kila mmoja aeleze kwa lugha yake mwenyewe alilolikubali, mwenziwe akisikia. Pasipo hayo, suluhu yaweza kuwa mbegu ya vita vingine.