Pikapu za safari ndefu: faida iko kwenye droo, hasara iko kwenye mizani

Mteja anayenunua pikapu mpya ya Toyota Hilux au Land Cruiser 79 kwa ajili ya safari za siku nyingi porini huwa amenunua nusu tu ya kitu anachokihitaji. Bodi ya nyuma hutoka kiwandani ikiwa beseni tupu la bati. Nusu ya pili ni kazi ya mafundi: droo, kenopi, keria, vibebeo vya madumu, tangi la maji, mahali pa friji na betri ya pili. Kwa mwenye mtaji mdogo, hii ni moja ya kazi chache za karakana ambazo mteja hulipia kipimo na umaliziaji, si kilo za chuma tu. Lakini pia ni kazi inayoweza kumfilisi mtu kimya kimya, kwa sababu kosa lake halionekani siku ya kukabidhi gari. Huonekana baada ya kilometa 800 za barabara ya vumbi.

Biashara hii ilikuzwa na Australia, Afrika Kusini na Namibia, nchi zenye umbali mrefu na vituo vichache vya mafuta. Kampuni ya ARB ilianza Melbourne mwaka 1975 kwa kutengeneza bampa na keria, na mwaka 1987 ikaingia kwenye soko la hisa la Australia. Front Runner, yenye asili ya Afrika Kusini, ilinunuliwa na kampuni ya Dometic ya Sweden mwaka 2021. Thule, nayo ya Sweden, iliingia soko la hisa la Stockholm mwaka 2014, na mwaka 2018 ikanunua Tepui, kampuni ya California inayouza mahema ya juu ya gari. Wenye fedha kubwa wasingehangaika na mabati na hema kama hapakuwa na faida ndani yake.

Kwa Afrika Mashariki wateja wapo, ingawa si wale tu wanaotajwa kila mara. Arusha na Nairobi zina kampuni zinazokodisha magari yenye hema juu kwa wageni wanaopenda kujiendesha wenyewe. Watalii hao ndio wanaopigwa picha, lakini mteja wa kudumu ni mwingine: daktari wa mifugo anayezunguka vijijini, kampuni ya utafutaji madini, mafundi wa umeme na minara ya simu, mradi wa utafiti wa wanyamapori. Hawa wanahitaji droo zilezile, hawajali rangi, na wakiridhika huleta gari la pili na la tatu. Karakana inayowasubiri watalii peke yao itakaa na njaa.

MIZANI KWANZA

Kinachoua kazi hii ni uzito. Pikapu za daraja la tani moja huandikwa uwezo wa kubeba kati ya kilo 800 na 1,100, kutegemea toleo. Wengi husahau kwamba ndani ya uwezo huo wamo pia abiria, na kila kitu ambacho fundi amekifunga kwenye gari.

Tuchukue Hilux ya milango minne yenye uwezo wa kilo 900. Watu wanne wa kilo 75 ni kilo 300. Kenopi ya chuma kilo 110. Droo mbili za plaiwudi pamoja na fremu na reli zake kilo 96. Keria na hema la juu kilo 90. Maji lita 80 ni kilo 80, kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja. Madumu mawili ya chuma yenye dizeli lita 20 kila moja, kilo 42. Friji na betri ya pili kilo 50. Tairi la pili la akiba kilo 35. Jeki, zana na vifaa vya kujinasua kwenye tope kilo 40. Chakula, vyombo na mabegi kilo 80. Jumla ni kilo 923. Gari limeshazidi kwa kilo 23, na mteja bado hajataja bampa ya chuma na winchi anayoitamani, ambayo kwa urahisi itaongeza kilo 90 nyingine.

Fundi asiyefanya hesabu hii mbele ya mteja anajitafutia ugomvi. Springi zikilala, shokapu zikianza kuvuja na breki zikichelewa kushika, lawama haiendi kwa aliyeagiza kila kitu. Inakwenda kwa aliyekifunga. Tena kampuni ya bima inaweza kugoma kulipa ikibaini kuwa gari lilibadilishwa bila taarifa, au lilikuwa limezidisha uzito siku ya ajali.

Mahali pa kuweka uzito ni muhimu sawa na uzito wenyewe. Hilux iliyoanza kuuzwa mwaka 2015 ina umbali wa mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukining'iniza kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa mfano tairi la akiba na madumu kwenye bampa ya nyuma, ekseli hiyo haipokei kilo 100. Inapokea kilo 132, kwa sababu kilo 32 zimenyanyuliwa kutoka mbele, kwenye magurudumu yanayokata kona. Ni mtindo uleule wa mizani ya dukani. Huko Australia zipo pikapu za milango minne ambazo chesisi ilipinda nyuma ya kabini, na mara nyingi hadithi ni moja: mzigo mwingi nyuma ya ekseli, na mifuko ya hewa iliyowekwa ili gari lisimame sawa. Mifuko hiyo huinua mkia, lakini huusukuma mzigo wote kwenye sehemu moja ya chesisi ambayo haikuundwa kuupokea.

Kwa hiyo tangi la maji hukaa chini kabisa, limeegemea ukuta wa kabini. Zana na betri hufuata. Nyuma kabisa na juu hubaki vitu vyepesi: magodoro, viti vya kukunja, mkaa. Keria ni sehemu ya kuchunga zaidi, kwa kuwa kila kilo iliyo juu huongeza hatari ya gari kulala kwenye kona au mteremko.

PLAIWUDI, CHUMA AU ALUMINI

Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, yenye ukubwa wa kawaida wa 1,220 kwa 2,440, huwa na kilo 32 hivi. Ya milimita 12 ina kilo 21. Mafundi wengi hukimbilia ya 18 kwa hofu, wakati ubao wa 12 wenye fremu nzuri chini yake hubeba mzigo uleule. Kwa droo zinazotumia shiti mbili, hapo tu zimeokolewa kilo 22, sawa na dumu zima la maji. Fremu ya bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2 huchukua kilo 1.4 kwa mita, hivyo bomba la mita 6 ni kilo 8.7 tu. Fremu haileti tatizo. Tatizo ni bati nene: shiti ya chuma ya milimita 3 ni kilo 70, na ya alumini ya unene huohuo ni kilo 24.

Alumini basi ingeshinda, isipokuwa kuichomelea kunadai mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea, vitu ambavyo karakana ya kawaida yenye mashine ya vijiti haina. Njia ya kati ni kuunganisha alumini kwa ribiti na pembe za bolti. Ila inapogusana na chuma lazima pawe na raba au rangi nzito katikati. Bila hivyo, kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa, alumini italiwa hadi kuwa unga mweupe kuzunguka kila bolti.

Reli za droo ndizo zinazokula fedha. Jozi ya reli nzito za gololi inayobeba kilo 227, yaani ratili 500, huagizwa nje, na vumbi laini likiingia kwenye gololi husaga kama msasa. Wapo mafundi wanaoachana nazo kabisa na kulaza droo juu ya vipande vya plastiki ngumu, ile ya mbao za kukatia nyama. Droo inakuwa nzito kidogo kuvuta, lakini haina kitu cha kuharibika, na mteja aliye mbali hahitaji kipuri kutoka ng'ambo. Kwa barabara za huku, huo ndio uamuzi wa mtu anayejua biashara yake.

Mtikisiko nao una gharama. Kwenye barabara yenye matuta madogo kama bati la mawimbi, nati ya kawaida hujifungua yenyewe. Nati zenye plastiki ndani zinaongeza bei kidogo sana kwa gari zima. Fremu ifungwe kwenye matundu ya bolti yaliyokuwapo tangu kiwandani, si kwenye bati la bodi, ambalo hupasuka.

FEDHA INAVYOKWENDA

Tuseme seti ya droo inauzwa shilingi 2,000,000 na vifaa vinagharimu 1,100,000. Zinabaki 900,000. Kama mafundi wawili wa shilingi 30,000 kwa siku wanaimaliza kwa siku 6, ujira ni 360,000 na zinabaki 540,000 za kodi, umeme na faida. Kazi hiyohiyo ikichukua siku 14 kwa sababu kila kipimo kinaanza upya, ujira ni 840,000 na zinabaki 60,000. Bei haikubadilika wala vifaa havikupanda. Kilichokula faida ni futi kamba.

Ndiyo maana wanaodumu hushika aina mbili au tatu za magari na kutengeneza violezo vya kila moja. Land Cruiser 79 ilianza mwaka 1999 na umbo lake la msingi halijabadilika sana, kwa hiyo kiolezo chake ni mali. Hilux hubadilisha umbo kila baada ya miaka kadhaa. Kumi za akiba zilizotengenezwa kwa toleo linaloondoka ni mtaji uliolala stoo. Kinachofaa kuwekwa akiba ni vifaa vilivyokatwa na reli, si seti zilizokamilika.

Malipo ya awali yasiwe chini ya gharama ya vifaa; kwa mfano huu ni asilimia 55. Mteja akikimbia, vifaa vinabaki na hakuna deni kwa muuza plaiwudi.

Jambo la mwisho ni kalenda. Kampuni za utalii za kaskazini husimamisha magari yake wakati wa masika, Aprili na Mei, ili msimu wa Juni hadi Oktoba uyakute tayari. Maagizo yote huja pamoja, na kila mmoja anataka gari lake kabla ya mwisho wa Mei. Reli zinazokuja kwa meli zinapaswa kuwa zimeagizwa kabla ya mwaka kwisha. Anayeagiza Machi atazipokea wakati magari yameshaingia Serengeti.