Uchawi wa mbali mezani: Kwa nini mchawi asiyefikiwa huua mchezo

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hata hivyo, wachezaji wengi wa Dungeons & Dragons hutamani fimbo ya namna hiyo hiyo: uwezo wa mchawi kukaa salama nyuma ya ukuta huku pigo lake likitokea mahali pengine, karibu na adui.

Mchezo huo, uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, huchezwa mezani kwa maneno, karatasi na kete. Kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, kama vile askari, mwizi au mchawi, naye msimamizi husimulia yanayotokea na kuwaendesha maadui. Uchawi unaozungumzwa hapa ni kanuni tu: una umbali wake, muda wake na idadi ya kete zinazorushwa.

Makundi mengi hayaridhiki na vitabu rasmi, hivyo hujitungia kanuni zao za nyumbani. Kati ya hizo, uwezo wa kupiga kutoka mbali ni miongoni mwa zilizo ngumu kuziunda, kwa kuwa unagusa mhimili wa mchezo wenyewe, ambao ni hatari.

Kwa kawaida mchawi ana uhai mdogo na havai deraya nzito. Ili apige, aghalabu hana budi kumwona adui, na anayeona huweza kuonekana. Mpira wa moto, uchawi mashuhuri wa mchezo huo, hufika futi 150, yaani karibu mita 45, na hurushiwa kete 8 za pande 6, sawa na wastani wa alama 28 za madhara. Udhaifu wa mwili ndio bei ya nguvu hiyo. Mchawi akiondolewa uwanjani na kuachiwa moto wake, bei inafutwa ilhali bidhaa inabaki.

Wanaoumia kwanza si maadui, bali wachezaji wenzake. Askari anayepokea mapanga mlangoni hugundua kwamba ushujaa wake hauna kazi tena. Msimamizi naye hulazimika kuleta maadui wa kumsaka mchawi peke yake, jambo linaloweza kuonekana kama chuki binafsi. Kwa njia hiyo, kundi lililokuwa likikutana kwa furaha huweza kusambaratika kwa sababu ya aya moja ya kanuni.

Waandishi wa vitabu rasmi walikwishakutana na tatizo hilo. Katika kanuni za mwaka 2014, mchawi anaweza kumwita kiumbe msaidizi, kwa mfano bundi, na kupitisha uchawi kwake. Lakini uchawi huo ni ule wa kugusa tu, na msaidizi sharti awe ndani ya futi 100. Tena bundi huyo ana alama 1 tu ya uhai. Akiuawa, kumrudisha hugharimu saa nzima, pamoja na mkaa, ubani na majani ya thamani ya vipande 10 vya dhahabu.

Mfano ulio wazi zaidi ni uchawi wa kutuma taswira. Katika toleo la mwaka 2003, mchawi aliweza kupiga kupitia taswira yake, ila kwa sharti kwamba pasiwe na kizuizi kati yao. Toleo la mwaka 2014 liliruhusu taswira kwenda hadi maili 500, lakini likaondoa uwezo wa kupiga: mchawi huona, husikia na kusema tu. Umbali ulipoongezwa, nguvu ilipunguzwa.

Kitabu cha mwaka 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kilifuata njia nyingine. Mchawi mwandishi hutoa roho ya kitabu chake na kupiga kupitia humo akitumia macho yake. Roho hiyo haishikiki, kwa hiyo kikomo kikawekwa kwingine: isivuke futi 300, na mchawi wa ngazi ya 6 apige kwa njia hiyo mara 3 tu kwa siku.

Kundi linalobuni uwezo wake linaweza kujifunza hapo. Mathalani, mchawi atengeneze kioo ambacho askari atakibeba, na pigo litokee kwenye kioo hicho. Swali la kwanza ni umbali: futi 120 zinatosha kwa jengo moja. La pili ni macho: anapotazama kupitia kioo, mchawi awe kipofu na kiziwi kule mwili wake ulipo, ili ahitaji mlinzi. La tatu ni idadi: mara 2 kabla ya mapumziko marefu. La nne ni uthabiti: kioo kiwe na alama 5 za uhai, na kikivunjika kimjeruhi mwenyewe kwa kete 2 za pande 6.

Swali la tano husahaulika mara nyingi. Mchezo una uchawi wa kuzima uchawi wa mwingine, lakini anayeutumia sharti amwone mrushaji ndani ya futi 60. Mchawi aliye chumba cha pili huepuka kinga hiyo bila mtu kukusudia. Kwa hiyo kanuni ieleze bayana kwamba adui anayekiona kioo huhesabiwa kuwa amemwona mchawi.

Baada ya hapo, kanuni ijaribiwe. Pambano moja lichezwe mara mbili, bila kioo na kwa kioo, na msimamizi ajiulize katika kila zamu: adui mwenye akili angefanya nini? Ikiwa anaweza kuvunja kioo, kumsaka mchawi kipofu au kuzima pigo, uwezo huo umekamilika. Ikiwa hana la kufanya zaidi ya kungoja kuungua, sharti kanuni irudi mezani.

Ni busara pia wachezaji wote wakubaliane mapema kwamba uwezo huo uko katika majaribio na unaweza kupunguzwa. Ni rahisi kumpokonya mchezaji asichokuwa amekizoea.