Tokyo bila mfuko mnene

Ukitaja Tokyo, wengi watakuambia huo ni mji wa matajiri. Usiwasadiki upesi, msomaji. Kinachommaliza mgeni pale si chakula, bali ni usafiri na malazi.

Uwanja wa ndege wa Narita uko kilomita 60 hivi kutoka katikati ya jiji. Teksi peke yake itameza fedha za kukulisha siku kadhaa, kwa hivyo panda basi au garimoshi. Tena chunga saa! Magarimoshi ya jijini hukoma karibu saa sita usiku hadi alfajiri. Anayeachwa na la mwisho hulipia teksi, na usiku nauli yake hupanda, au hukesha mkahawani.

Kuhusu malazi, kuna hoteli za vijumba, ambazo zilianzia Osaka mwaka 1979. Unalala ndani ya kitu kama droo kubwa, unaingia kwa kutambaa, na bafu ni la wote. Mwenye kitambi ajipime kwanza. Akina dada nao waulize mapema, kwani baadhi hupokea wanaume pekee.

Jioni, maduka makubwa hupunguza bei ya vyakula vilivyopikwa, mara nyingine hadi nusu. Maji ya mfereji hunyweka, na bakshishi hawaitaki.

Je, ungependa kuliona jiji lote? Panda jengo la serikali ya jiji, mtaani Shinjuku, hadi mita 202 juu. Hulipi chochote, na mbingu zikiwa safi utauona Mlima Fuji.