Nilivyokwama Daraja la Tano mpakani Rusumo

NILIPOTEZA mechi ya kunipandisha Daraja la Nne nikiwa nakatiza juu ya daraja lenyewe la Rusumo, simu mkononi, mchele wangu ukiwa umeshatangulia ng'ambo. Nilikuwa naongoza mabao mawili kwa moja. Simu ikaachia mnara wa Tanzania, ikakamata wa Rwanda, saa yake ikarudi nyuma saa nzima kama ilivyo kawaida ya upande ule, na mchezo ukaniandikia kuwa nimetoka uwanjani. Anayetoka amefungwa.

Wanaovuka hapa wanajua kusubiri ni nini. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Aprili 2016 na Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame kimerahisisha mambo, lakini karatasi bado ni karatasi. Muda huo tunaua kwa eFootball, soka la simu la kampuni ya Konami ya Japani, ambalo wengi tulilizoea kwa jina la PES hadi lilipobadilika kwenye simu Juni 2022. Ligi yake huanzia Daraja la 10, kileleni ni Daraja la Kwanza, na mpinzani ni mtu kweli, huenda yuko Kigali, huenda yuko mbali zaidi.

Mimi niliganda la Tano miezi minne. Nikaamini dawa ni kununua wachezaji. Nikachukua Sh 60,000 za mtaji wa maharage, nikanunua sarafu za mchezo, nikabahatisha mshambuliaji mmoja mwenye jina kubwa. Nikafungwa mechi tatu mfululizo. Nyumbani nilisema maharage yamepanda bei.

Aliyenifumbua macho ni kijana anayesukuma toroli hapo mpakani. Alikulia Karagwe, akarejea Rwanda na wazazi wake mwaka 2013, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Simu yake ina kioo kilichopasuka, naye yuko Daraja la Pili.

"Mjomba, hebu nione timu," aliniambia. Akaitazama, akacheka. "Kocha wako ni wa kumiliki mpira, washambuliaji uliowanunua ni wa kukimbia. Nani atampa nani pasi?"

Sikuwahi kuliangalia hilo. Mchezo una mitindo mitano ya uchezaji, na kila kocha ana alama zake kwa kila mtindo. Ukimweka mwenye alama ndogo kwenye mtindo unaoutaka, hata mastaa wanacheza kama wageni. Yeye alikuwa amechagua shambulizi la kushtukiza, na kikosi chake karibu chote hakikumgharimu senti. Akanikataza pia kumfuata mpira kwa beki wa kati, kosa langu kubwa: beki akitoka, nyuma panabaki shimo.

Lakini somo lake zito lilikuwa la mtandao. Kabla ya mechi, alisema, tazama alama zinazoonyesha ubora wa laini ya mpinzani. Zikiwa chache, mkatae, hata kama umechoka kusubiri. Amri ya kidole ikichelewa hata robo ya sekunde, kipa ameshaokota mpira wavuni. Usicheze ukitembea karibu na mto, maana simu inayumba kati ya nchi mbili. Yeye huchezea sehemu moja, kwa laini moja, alfajiri kabla malori hayajaamka.

Nilimwelewa vizuri zaidi Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua Tanzania na kwa majirani. Siku zile wa Daraja la Kwanza na wa Daraja la 10 tulikuwa sawa. Wengi wetu hatukuwa tumefikiria kwamba pasi inayopigwa Ngara inategemea waya uliolazwa baharini, mbali na hapa zaidi ya kilometa elfu moja.

Nilimbadilisha kocha, yule staa nikamweka benchi. Wiki ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, nimekaa juu ya gunia upande wa Tanzania, nikapanda la Nne. Kijana nilimtafuta kumpa habari. Alikuwa ameinamia toroli la ndizi akipandisha kilima.

"Hongera, mjomba. Sasa sukuma huku nyuma."

Nikasukuma. Ile Sh 60,000 bado sijaisema nyumbani.