Je, Wajua? Programu za Windows Kwenye Kompyuta Isiyo na Windows

Je, wajua kwamba faili lenye kiishio cha .exe linaweza kufunguka na kufanya kazi kwenye kompyuta ambayo haina Windows hata chembe? Kinachowezesha hilo ni programu ya bure iitwayo Wine. Ilianza mwaka 1993, Bob Amstadt na wenzake walipotaka programu za Windows 3.1 ziende kwenye mfumo mwingine wa kompyuta, Linux. Mwaka uliofuata Alexandre Julliard akashika usukani, na hajauachia. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008. Miaka 15 ya kazi, nyingi yake ya kujitolea, kabla hawajaridhika kuliita toleo la kwanza kamili!

Je, wajua inafanyaje kazi hiyo? Msomaji wa kijiji cha Mute, wilayani Palma, Msumbiji, ataelewa haraka kuliko mwenzake wa Lisbon. Nyumbani kwake ni Kimakwe au Kimakonde, sokoni Kimwani na Kiswahili, na akifika ofisini karatasi zote ni za Kireno. Mkalimani anayesimama kati ya mzee na karani habadilishi shauri la mzee. Hulipokea, hulisema kwa lugha ya ofisi, kisha hurudisha jibu. Programu ya Windows nayo haifungui faili kwa mkono wake, bali huiomba Windows iifungulie. Wine hulidaka ombi hilo, huligeuza liwe ombi la Linux, jibu likija huligeuza tena. Kwa kuwa maagizo yanayokwenda kwenye prosesa hayaguswi, programu nyingi hukimbia karibu sawa na kwao.

Je, wajua kwamba ukalimani huo hufika hadi kwenye herufi? Kwenye Windows, Ripoti.doc na RIPOTI.DOC ni faili moja. Kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti. Basi programu ikiomba RIPOTI.DOC na lililopo ni ripoti.doc, Wine hupekua folda jina kwa jina mpaka ilipate linalofanana. Pia hutengeneza folda iliyofichwa, .wine, na ndani yake folda ya drive_c. Programu huambiwa kuwa hiyo ndiyo diski C, nayo huandika humo bila wasiwasi. Ukiifuta folda hiyo, umeondoa kila programu ya Windows uliyoiweka, na Linux yako imebaki kama ilivyokuwa.

Je, wajua kwamba Wine si sawa na mashine pepe? VMware, iliyoanza kuuzwa 1999, na VirtualBox, iliyotoka 2007, hukutengenezea kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Humo unapiga Windows nzima, pamoja na leseni yake, nayo inakula kumbukumbu ya mashine kama mgeni aliyehamia. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 hutafika mbali. Wine haihitaji Windows, kwa hiyo haihitaji leseni ya Windows. Leseni ya programu yenyewe ni jambo jingine, hiyo bado unadaiwa.

Je, wajua kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025? Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Laptopu nyingi zilizotumika, zile zinazoshuka bandarini kwa makontena na kuuzwa upya madukani kwetu, hazifikii masharti hayo. Hazijaharibika. Kioo kinawaka, kibodi iko sawa, diski inazunguka. Kuzitupa kwa sababu ya mfumo mmoja ni hasara tusiyoweza kuimudu, na hapo ndipo Linux yenye Wine inapostahili kujaribiwa kabla ya kumwita mnunua vyuma chakavu.

Je, wajua kwamba kuna programu za Windows zinazokubali kwenye Linux na kukataa kwenye Windows? Programu za enzi za Windows 3.1 zilikuwa za biti 16. Windows ya biti 64 haizitambui kabisa. Wine bado inaziendesha nyingi. Kwa zile za zamani zaidi, za DOS, kuna DOSBox, iliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya wapenda michezo ya zamani, lakini faida yake inavuka michezo. UNESCO iligawa bure programu ya CDS/ISIS kuanzia mwaka 1985, na maktaba nyingi za Afrika ziliandika katalogi zao humo. Ikiwa maktaba yako ina diski ya namna hiyo kabatini, usiitupe, bado inaweza kusomeka.

Je, wajua kwamba Kimakwe, lugha ya pwani ya Palma, kina sarufi kamili iliyochapishwa? Aliiandika mwanaisimu Maud Devos, ikatoka mwaka 2008. Naitaja kwa sababu kazi za namna hiyo, za kukusanya maneno ya lugha zisizo na kamusi dukani, zimefanywa na wanaisimu wengi duniani kwa programu ya Toolbox ya shirika la SIL, na Toolbox iliundwa kwa Windows. Kwenye Linux huendeshwa kwa Wine. Lakini angalia ndani ya faili lake. Kila neno huanza na alama \lx, aina ya neno hufuata baada ya \ps, maana kwa Kiingereza baada ya \ge, na maana kwa lugha ya taifa, ambayo kwa Msumbiji ni Kireno, baada ya \gn. Ni maandishi matupu. Hata siku Toolbox ikigoma kila mahali, kamusi itafunguka kwenye kihariri chochote cha maandishi. Kijana wa Mute anayetaka kukusanya maneno ya bibi yake na aanze hivyo hivyo, kwa faili ambalo halimtegemei mwenye mfumo yeyote.

FieldWorks, mdogo wake Toolbox, ilifika Linux kwa njia nyingine: Mono, mradi ulioanzishwa na Miguel de Icaza mwaka 2001 ili programu zilizoundwa kwa .NET ya Microsoft ziende nje ya Windows. Agosti 2024 Microsoft iliukabidhi mradi wa Mono kwa watu wa Wine.

Je, wajua kwamba takwimu za zahanati nazo ziliwahi kufungwa na mfumo mmoja? Programu ya DHIS ilizaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka, nayo ilijengwa juu ya Microsoft Access. Bila Windows, hakuna ripoti. Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake wakaiandika upya kwa Java, ikawa DHIS2, inayofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Wizara ya Afya ya Msumbiji nayo huitumia, kwa jina la SIS-MA.

Ila kivinjari kinataka mtandao. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika, na kila kilichotegemea mtandao kilinyamaza siku zile ambazo watu walikihitaji kuliko siku zote. Kwa kijiji kama Mute, programu inayokaa ndani ya mashine, hata kama inafanya kazi kupitia kwa mkalimani, ina thamani ambayo watu wa miji yenye intaneti usiku na mchana hawaioni. DHIS2 yenyewe ina programu ya Android inayohifadhi takwimu kwenye simu mpaka mtandao urudi. Huo ndio uundaji unaotufaa.

Je, wajua kwamba M-Pesa ya Safaricom, ilipozinduliwa Machi 2007, haikujali simu yako ni ya kampuni gani? Programu ilikaa kwenye laini, si kwenye simu. Kitochi chochote kilichoweza kuonyesha menyu ya laini kilitosha. Duka la programu za iPhone lilifunguliwa mwaka uliofuata.

Je, wajua kuhusu Jambo OpenOffice? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliundwa iweze kutumika kwenye Windows na kwenye Linux, hivyo haikuhitaji mkalimani.

Je, wajua kwamba mwaka 2004 Microsoft ilikubali kulipa dola milioni 20 ili kampuni moja ibadilishe jina? Kampuni ilijiita Lindows, nayo iliuza Linux ikiahidi kuendesha programu za Windows. Jina lake jipya likawa Linspire.

Je, wajua kwamba michezo ndiyo iliyoisukuma Wine mbele kwa kasi? Kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, Agosti 2018. Februari 2022 ikaanza kusafirisha Steam Deck, mashine ya mkononi ya Linux inayocheza maelfu ya michezo ya Windows.

Je, wajua kwamba virusi navyo vinaweza kunufaika na Wine? Vile virusi vya fleshi tunavyovibeba kutoka stesheneri, vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato za bandia, kwa kawaida havina nguvu kwenye Linux. Ukivibofya mwenyewe ukiwa na Wine, baadhi vitaamka. Na kwa kuwa Wine huipa programu herufi Z inayoelekea kwenye mafaili yako yote, vitapata njia ya kuyafikia. Fungua Mipangilio ya Wine, winecfg, uiondoe Z kama huihitaji.

Mwisho, kabla hujaifuta Windows, tafuta jina la programu yako kwenye orodha ya Wine iitwayo AppDB. Watumiaji huipa kila programu daraja, kuanzia Platinamu hadi Takataka. Angalia pia printa na skana, kwa maana Wine haiendeshi dreva za Windows za vifaa hivyo. Printa lazima itambuliwe na Linux yenyewe.