Tufaha na Tangawizi: Tutazame Kilichomo Chupani, Si Jina Lake



Likuyani, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, si kama kwetu pwani. Huko ni nyanda za juu, na mahindi yanapovunwa mwezi wa Oktoba na Novemba, jioni huwa na baridi ya kumfanya mtu atafute sweta. Nilipowazuru jamaa zetu huko, binti wa ndugu yangu alitaka kutukirimu kwa kinywaji alichokisoma katika simu yake, ambacho Wamarekani hukinywa majira ya majani kupukutika: maji ya tufaha kwa tangawizi. Maelezo yalimtaka atafute kitu kiitwacho saida. Kaka yake akaenda dukani, akarudi na chupa yenye picha nzuri ya tufaha. Binti alikuwa keshashika kifunguo, akasita.

"Ami, hebu nisomee maandishi haya madogo."

Nikasoma. Mlikuwa na kileo, asilimia nne na nusu.

Kuuliza si ujinga, ndugu msomaji. Neno hilo Marekani huwa ni maji ya tufaha yaliyokamuliwa, yasiyochachuka. Uingereza, na hapa kwetu Kenya, ni pombe itokanayo na maji hayohayo yakishachachushwa. Kadhalika "bia ya tangawizi": asili yake ni tangawizi na sukari vilivyotiwa hamira vikaumuka. Nyingi ziuzwazo leo, kama Stoney Tangawizi tuijuayo, ni soda tu iliyotiwa gesi. Lakini zipo pia zenye kileo. Mtume (S.A.W.) alikwishatutahadharisha kuwa watatokea watu watakaokunywa ulevi wakiupa jina jingine. Basi hukumu hufuata kitu chenyewe, si jina lake.

Kile chupa tulikirudisha, tukaingia jikoni. Kwa watu sita, chukua matufaha sita ya dukani (si matufaha ya mashambani kwetu), uyaoshe na kuyakatakata. Yatie katika sufuria kwa maji lita moja na nusu, kijiti cha mdalasini na karafuu nne. Yachemshe kwa moto mdogo nusu saa hivi, hadi yalainike. Tia tangawizi mbichi iliyoparwa, kiasi cha kidole gumba, uache dakika tano. Chuja kwa kitambaa safi, ukamulie ndimu, kisha utie asali au sukari kwa kadiri upendavyo. Kinywewe moto. Apendaye baridi na akipoze, na mwenye kutaka povu aongeze soda ya tangawizi wakati wa kunywa.

Lililobaki ni la kuhifadhi, na hapa wengi hughafilika. Chachu imo hewani na juu ya maganda ya matunda. Ikiingia katika kinywaji kitamu kilichokwishapoa, hula sukari na kutoa gesi na kileo. Kwa hiyo usikifungie chupani ukakiacha karibu na meko. Kinywewe siku hiyohiyo, na kilichosalia kiwekwe katika friji kisizidi siku mbili. Ukiona povu lijitokezalo lenyewe, au ukisikia harufu kali, kimwage. Ibn Abbas (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa zabibu, akanywa maji yake, wala hakunywa baada ya siku ya tatu. Huo ndio mpaka aliotuwekea, zama ambazo friji haikuwapo.

Tusidhani basi kuwa dini imetunyima ladha. Tangawizi yenyewe imetajwa katika Suratul-Insan kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi. Jioni ile wazee na watoto walikunywa kutoka birika moja, na hakuna aliyeulizwa umri wake.

Wazazi, tuwafunze watoto kusoma maandishi madogo kabla ya kufungua chupa, na tusiwakemee wanapotuuliza. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na nyumba zenye utulivu. Amin.