Hatua za Tiba Pale Dawa za Kuyeyusha Bonge la Damu Zinaposhindwa: Mazingira ya Kilosa na Mikumi

Mshtuko wa moyo hutokea bonge la damu linapoziba mshipa unaolisha msuli wa moyo. Ikiwa mgonjwa hawezi kufikishwa kwenye maabara ya katheta na kuzibuliwa mshipa ndani ya dakika 120, tiba ya kwanza ni dawa ya kuyeyusha bonge hilo, kama vile streptokinezi au tenekteplezi, itolewayo ndani ya saa 12 tangu maumivu kuanza.

Wilaya ya Kilosa, ukiwemo mji wa Mikumi, imo katika hali hiyo. Huduma ya katheta hupatikana katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mikumi iko takribani kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na sehemu ya barabara hupita ndani ya hifadhi ya taifa, ambako mwendo wa magari hudhibitiwa.

Dawa hizo hazifaulu kwa kila mgonjwa. Katika utafiti wa STREAM wa mwaka 2013, takribani asilimia 36 ya waliopewa tenekteplezi walihitaji uchunguzi wa dharura wa mishipa ya moyo. Kushindwa hubainishwa kwa kupima tena umeme wa moyo dakika 60 hadi 90 baada ya dawa. Mwinuko wa sehemu ya ST usipopungua kwa nusu, mshipa huchukuliwa kuwa bado umeziba.

Utafiti wa REACT, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2005, ulilinganisha njia tatu kwa wagonjwa 427 wa aina hiyo. Baada ya miezi 6, walioepuka kifo, mshtuko mwingine, kiharusi au moyo kushindwa vibaya walikuwa asilimia 84.6 kati ya waliozibuliwa mshipa kwa katheta, 68.7 kati ya waliorudiwa dawa, na 70.1 kati ya walioendelea na matibabu ya kawaida. Kurudia dawa, basi, hakuna manufaa. Tena streptokinezi hairudiwi, kwa kuwa mwili huiundia kingamwili. Mshipa usipozibulika kwa katheta, upasuaji wa kupandikiza mishipa hufikiriwa.

Kwa hiyo, kwa mgonjwa wa Mikumi, rufaa yenyewe ni sehemu ya tiba. Safari ianze mara dawa inapotolewa, bila kusubiri ishindwe. Hata dawa ikifaulu, safari haipotei, kwani mgonjwa huyo naye huhitaji uchunguzi wa mishipa ndani ya saa 2 hadi 24.